Mohamed Atalla na Utando wa Silikoni

Mji wa Port Said, uliosimama pale Mfereji wa Suez unapoingia katika Bahari ya Mediterania, haukuwa mgeni masikioni mwa watu wa mwambao wetu katika zama za meli za moshi; kwani tangu mfereji ule ulipofunguliwa mwaka 1869, meli zilizong'oa nanga Ulaya zikielekea Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zilipita hapo, zikatia makaa na maji, kisha zikashika njia ya Bahari ya Shamu. Katika mji huo wa mabaharia, wachuuzi na makarani wa forodha, tarehe 4 Agosti 1924, alizaliwa Mohamed Atalla, mtu ambaye jina lake halikupata kuenea hata robo ya jinsi kazi yake ilivyoenea. Abiria aliyekuwa akitazama bandari ile kutoka sitahani hakuweza kudhani kwamba mtoto mmoja wa mji huo angekuja kuwa miongoni mwa watu waliotengeneza kile chombo kidogo ambacho leo kimejaa katika simu, redio, kompyuta na saa za ulimwengu mzima.

Chombo chenyewe ni aina ya transista, na transista, kwa kusema wazi, ni swichi isiyo na kiungo kinachotembea, ambayo umeme huifungua na umeme huifunga. Zipo aina nyingi, lakini ile iliyo nyingi kupita zote, ambayo hukusanywa kwa mabilioni katika chipu moja ya upana wa ukucha, ni ile waifahamuyo mafundi kwa herufi za MOS, yaani chuma, oksidi na semikonda, vikiwa vimepangwa tabaka juu ya tabaka. Vitabu vingi vya tarikhi ya elektroniki humwaga sifa zake kwa wale watatu waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956 kwa ajili ya transista ya kwanza, nao wanastahiki. Ama huyu Atalla, na mwenzake Dawon Kahng wa Korea, na wale waliowatangulia katika kuchunguza utando wa oksidi, hutajwa kwa mstari mmoja na kupitwa. Insafu inadai zaidi ya hapo, na nia ya makala haya ni kuitoa haki hiyo kadiri inavyowezekana, kwa kuifuata tarikhi ya utando mmoja mwembamba usioonekana kwa urahisi, ambao bila yake ile transista iliyosifiwa ingalibaki kitu cha ghali na chenye tabia mbaya.

Atalla alisoma uhandisi mjini Kairo, katika chuo kikuu ambacho zama hizo kilibeba jina la Mfalme Fuad I, kisha akavuka bahari kwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Purdue jimboni Indiana, ambako alipata shahada ya uzamili mwaka 1947 na ya udaktari mwaka 1949. Fani yake haikuwa fizikia ya atomi wala kemia, bali uhandisi wa mitambo, na jambo hili yafaa likumbukwe, maana katika maabara ile aliyoingia mwaka huohuo wa 1949, Maabara ya Bell iliyokuwa mali ya kampuni ya simu ya Marekani, wataalamu wa fizikia walikuwa ndio masultani na wahandisi wa mitambo walikuwa raia. Kazi aliyopewa ililingana na cheo hicho: alitakiwa kuchunguza relei, zile swichi za sumaku zilizokuwa zikiunganisha na kutenganisha mazungumzo ya simu katika mabohari ya mitambo, mamilioni kwa mamilioni, zikilia usiku na mchana.

Mtu asidhani kazi hiyo ilikuwa duni. Ndani ya relei mna vipande viwili vidogo vya madini vinavyokutana na kuachana, na kila vinapoachana huruka cheche, na kila cheche hula chembe ya upande mmoja na pengine huipandikiza upande wa pili, hata baada ya kufunguka na kufunga mara nyingi mno, penye ncha iliyokuwa laini huwa na shimo, na pa pili huwa na kichuguu, na simu ya mtu hukatika pasipo sababu aijuayo. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950 Atalla aliandika mfululizo wa makala juu ya cheche hizo katika jarida la kampuni. Nami naona kwamba hapo ndipo mwelekeo wa maisha yake yote ulipoanza kudhihiri: tangu siku hizo hadi alipoacha maabara, alikuwa mtu wa nyuso za vitu, mtu aliyetaka kujua ni nini hasa hutokea pale kitu kimoja kinapokoma na kingine kinapoanza.

Wakati huo transista ilikuwa changa. John Bardeen na Walter Brattain walikuwa wameionyesha ya kwanza Desemba 1947, katika maabara hiyohiyo, huko Murray Hill jimboni New Jersey, na William Shockley akafuatia na muundo wake mwaka uliofuata. Lakini aghalabu husahauliwa kwamba ile transista ya 1947 ilizaliwa kutokana na kushindwa. Alichokitaka Shockley tangu 1945 kilikuwa kitu chepesi zaidi kwa fikra: kuchukua kipande cha semikonda, yaani kitu kisichopitisha umeme kwa wepesi wa shaba wala kuuzuia kwa ukaidi wa kioo, kukiwekea bamba la chuma karibu yake bila kugusana nacho, na kulitia bamba hilo umeme ili nguvu zake, zikipenya katika nafasi iliyo kati, zivute au zifukuze elektroni zilizomo ndani na hivyo kuongeza au kupunguza mkondo unaopita. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Julius Lilienfeld alikwisha liombea hataza katika miaka ya 1920. Kwa hesabu za karatasini lilikuwa sahihi kabisa, na kwa majaribio ya mezani likawa muhali.

Bardeen ndiye aliyeeleza kwa nini. Ndani ya fuwele kila atomi imeshikana na jirani zake pande zote, lakini kwenye uso, pale fuwele inapokatika, atomi za mwisho hubaki na mikono isiyo na wa kuishika, na mikono hiyo hunasa elektroni. Nguvu za bamba la nje zikija, hukutana na elektroni hizo zilizonaswa, nazo huzikinga, na ndani kabisa hakuna kinachosikia habari yoyote. Uso wa semikonda, kwa maneno mengine, ulikuwa pazia. Zaidi ya hayo, uso huo ulikuwa na tabia ya kugeukageuka kwa unyevu, kwa vumbi, kwa pumzi ya mtu, hata transista iliyopimwa asubuhi na kuonekana njema ikaonekana mbovu jioni, na wenye viwanda wakalazimika kuzifungia katika vifuko vya chuma visivyopitisha hewa. Shockley na wenzake waliukimbia uso, wakaipeleka kazi ndani ya fuwele, na kwa kufanya hivyo wakafanikiwa. Lakini tatizo lenyewe waliliacha pale pale walipolikuta.

Madini ya kwanza kutumika yalikuwa gerimani, kwa kuwa huyeyuka na kusafishika kwa joto dogo zaidi. Oksidi ya gerimani, hata hivyo, huyeyuka katika maji, na kwa hiyo haiwezi kulinda chochote. Silikoni ni kinyume: ni ngumu kuisafisha, huyeyuka kwa nyuzi zaidi ya 1,400, na transista yake ya kwanza kuuzwa sokoni, iliyotoka katika kampuni ya Texas Instruments kwa juhudi za Gordon Teal, haikupatikana hadi 1954. Lakini silikoni ikiungana na oksijeni hutoa kitu kilekile kilichomo katika mchanga mweupe wa pwani na katika kioo, kitu kigumu, kisichoyeyuka majini, kisichopitisha umeme, na kinachoshikamana na mzazi wake bila kubanduka. Kutu ya chuma humenyeka na kukiacha chuma kikiliwa upya. Oksidi ya silikoni hufunga.

Faida ya jambo hilo iligunduliwa kwa ajali. Mwanzoni mwa mwaka 1955, Carl Frosch, mkemia wa Maabara ya Bell, na msaidizi wake Lincoln Derick, walikuwa wakipitisha visahani vya silikoni katika tanuri lenye gesi ya haidrojeni ili kuvipenyeza chembe za madini mengine, kazi ambayo mara nyingi iliuharibu uso wa silikoni na kuuacha na vishimo. Siku moja haidrojeni ile ikashika moto ndani ya bomba, ikageuka mvuke wa maji, na visahani vilipotolewa vikaonekana vimevikwa utando mng'avu, na chini ya utando uso ulikuwa mzima. Mtu mwingine angevitupa na kusafisha bomba. Hawa wawili walisimama wakauliza, na katika miaka miwili iliyofuata walithibitisha mambo mawili makubwa: kwanza, kwamba utando huo unaukinga uso katika joto kali, na pili, kwamba baadhi ya chembe, mathalan za boroni na fosforasi, haziwezi kuupenya, ila pale ambapo utando umetobolewa kwa asidi. Basi fundi akitoboa madirisha katika utando, anaweza kuchagua ni wapi chembe ziingie na ni wapi zisiingie. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1957, na mpaka leo hakuna kiwanda cha chipu kisichofuata kanuni yake. Ni wajibu kuwataja Frosch na Derick kabla ya kumsifu Atalla, kwa sababu yeye alijenga juu ya msingi walioujenga wao, na baadhi ya waandishi wa siku hizi, kwa kutaka kumtukuza, huwanyang'anya wao fungu lao.

Swali alilolichukua Atalla lilikuwa jingine, nalo lilikuwa lile pazia la Bardeen. Je, utando wa oksidi ungeweza, pamoja na kuukinga uso, kuituliza ile mikono iliyokosa wa kuishika? Aliwakusanya wenzake, miongoni mwao Eileen Tannenbaum na E. J. Scheibner, na kwa muda wa miaka kadhaa kundi hilo likashughulika na kazi ambayo kwa mtazamaji wa mbali ingeonekana kuwa ni kuosha, kukausha na kuoka tu. Na kwa kweli sehemu kubwa ya fani hii ni kuosha. Kisahani cha silikoni, kilichosuguliwa mpaka kikatoa taswira ya uso wa mtazamaji, huchovywa katika asidi moja baada ya nyingine ili kuondoa mafuta na chembe za metali, kisha katika asidi ya hidrofloriki inayokula kioo, ili kuondoa oksidi yoyote iliyojiotea yenyewe hewani; na fundi hujua kwamba imekwisha kwa kutazama maji, maana juu ya oksidi maji hutandaa, bali juu ya silikoni tupu hukusanyika matone na kuteleza, yakakiacha kisahani kikavu mara tu kinapoinuliwa. Kikishasuuzwa kwa maji yaliyotolewa chumvi zote, hupangwa katika kichanja cha kwatzi pamoja na wenzake, kikasukumwa polepole ndani ya bomba la kwatzi lenye joto la nyuzi takriban 1,000, jekundu linalokaribia manjano, na oksijeni safi ikaachwa ipite.

Hapo hutokea jambo ambalo, kwa rai yangu, ndilo shani ya tarikhi hii yote. Shahamu na chokaa zinazopakwa mtepe au jahazi chini ya maji hutoka nje, hukaa juu ya mbao, na uchafu uliokuwa juu ya mbao hubaki umefungiwa kati. Oksidi ya silikoni haipakwi. Oksijeni hupenya kupitia utando uliokwisha kuota, hufika chini yake, na huko ndiko inakoungana na silikoni, hata utando unakua kwa upande wa ndani, ukila silikoni yenyewe. Kwa kila nanomita 100 za oksidi zinazoota, nanomita 44 hivi za silikoni zimetumika. Maana yake ni kwamba mpaka kati ya vitu hivi viwili huhama, huingia ndani ya fuwele, mahali ambapo hewa haikupata kugusa wala mkono wa mtu kufika. Uso wa kale pamoja na uchafu wake huachwa juu, na uso mpya huzaliwa chini ya ulinzi, na katika kuzaliwa kwake atomi za silikoni hupata oksijeni ya kushikana nayo. Mikono iliyokosa wenza ikawa michache mno kuliko ilivyokuwa.

Kisahani kinapotoka tanurini kimebadilika rangi, na rangi hiyo si ya oksidi yenyewe, ambayo ni angavu kama maji, bali ni ya nuru inayorudi kutoka juu na chini ya utando na kupambana njiani. Utando wa nanomita 50 huonekana kahawia hafifu. Wa nanomita 100 ni zambarau iliyoiva. Wa 120 ni buluu ya kifalme. Na ukifika 200 huwa dhahabu iliyopauka, kisha ukizidi kunenepa rangi huzunguka tena. Mafundi waliozoea waliweza kusoma unene wa utando kwa macho, wakishika kisahani chini ya taa na kukilinganisha na orodha ya rangi iliyobandikwa ukutani, na ingawa vyombo vya kupimia vya siku hizi ni sahihi zaidi, naamini hapana kipimo kilichopata kuwa kizuri kama kile.

Matokeo ya kundi la Atalla yalichapishwa mwaka 1959 katika jarida la Bell, nayo yalisema kwamba uso wa silikoni ukisafishwa ipasavyo na kuoteshwa oksidi kwa joto, hutulia. Huko magharibi ya Marekani, katika kampuni changa ya Fairchild, Jean Hoerni, Mswisi, alikuwa ameandika tangu Desemba 1957 wazo la kuiacha oksidi juu ya transista badala ya kuiondoa baada ya kazi, na mwaka 1959 akalitimiza. Na juu ya njia yake hiyo Robert Noyce akajenga saketi iliyounganishwa yote katika kipande kimoja cha silikoni. Habari za Fairchild zimesimuliwa mara nyingi na kwa urefu, nami sina haja ya kuzirudia.

Atalla aliona mbali zaidi ya kulinda. Ikiwa uso umetulia, basi pazia limeondoka. Na ikiwa pazia limeondoka, lile wazo lililomshinda Shockley linaweza kurudi. Utando wenyewe, kwa kuwa haupitishi umeme, ungekuwa ndiyo ile nafasi kati ya bamba na semikonda, nafasi nyembamba kuliko yoyote ambayo mkono wa binadamu ungeweza kuiweka. Mwaka 1959 alijiunga naye Dawon Kahng, kijana aliyezaliwa Seoul mwaka 1931 na aliyekuwa ametoka tu kupata udaktari katika Chuo Kikuu cha Ohio State. Wakatengeneza kisahani chenye sehemu mbili zilizopenyezwa chembe, moja ya kuingizia mkondo na moja ya kuutolea, na katikati yake wakaotesha oksidi ya unene wa takriban nanomita 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na juu ya oksidi wakaweka alumini, ambayo ndiyo lango. Lango likitiwa umeme, elektroni hukusanyika chini ya utando na kufanya njia, na mkondo hupita. Lango likiondolewa umeme, njia hutoweka. Hata chembe moja ya umeme haivuki utando, na kwa hiyo lango halili nguvu ila wakati wa kugeuka. Katika sifa hiyo moja ndimo ulimofichika uwezekano wa kukusanya swichi kwa mabilioni bila ya kuyeyuka kwa joto lao zenyewe.

Atalla aliomba hataza Machi 1960 na Kahng akaomba ya kwake Mei mwaka huo, na katika mwezi wa Juni kazi yao ilisomwa mbele ya mkutano wa wataalamu mjini Pittsburgh. Tungetarajia kwamba maabara iliyoizaa ingeikumbatia. Haikufanya hivyo. Transista mpya ilikuwa na kasi ndogo sana ikilinganishwa na zile za aina ya Shockley, tabia zake zilikuwa bado za kuyumba, na kampuni ya simu, ambayo ilitaka kila chombo kidumu miongo ya miaka bila kuguswa, haikuona sababu ya kuacha njia iliyoijua. Kahng mwenyewe, katika waraka wa ndani wa mwaka 1961, alitaja kwamba kifaa hiki ni chepesi kutengeneza na kwamba kingefaa katika saketi zilizounganishwa. Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, nayo yalikaa katika faili. Mimi siwalaumu wakubwa wa Bell kwa kukosa ilhamu, kwa maana walipimia haja zao. Lakini nawalaumu kwa kutompa mtu aliyelifungua lango hilo wasaa wa kupita. Mwaka 1962 Atalla akaondoka.

Kilichofuata kilithibitisha kwamba mashaka hayakuwa bure. Wengine walioichukua kazi hiyo, hasa kampuni ya RCA, ambako mwaka 1962 Steven Hofstein na Frederic Heiman waliunganisha transista 16 za aina hii katika kipande kimoja, na Fairchild, ambako Frank Wanlass aliunda mwaka 1963 mpango wa kuzioanisha mbili mbili ili zisile umeme zikiwa zimetulia, walikuta kwamba transista hizi zikipata joto hubadilika tabia kana kwamba zimeingiwa na pepo. Miaka ilipotea katika kumtafuta pepo huyo. Mwaka 1965 watafiti wa Fairchild, E. H. Snow, Andrew Grove, Bruce Deal na C. T. Sah, walimwonyesha hadharani, naye alikuwa sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya chakula na katika jasho la kidole, ambayo chembe zake chache zikiingia katika oksidi hutembea humo zikivutwa na umeme. Tiba yake ikawa usafi zaidi ya usafi. Mwaka huohuo Deal na Grove walitoa hesabu inayoeleza utando hukua kwa kasi gani katika joto gani, hesabu ambayo wanafunzi wa fani hii wanaisoma hadi leo. Grove, mkimbizi kutoka Hungaria, alikuja kuwa mkuu wa Intel, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1968 na iliyotoa mwaka 1971 chipu yake ya 4004 yenye transista 2,300 hivi, zote za ukoo wa Atalla na Kahng.

Yeye Atalla wakati huo alikuwa California. Katika Hewlett-Packard alisimamia utafiti wa semikonda, na aliendelea na nyuso: safari hii ni pale metali inapogusana na semikonda moja kwa moja, mahali panapozaa ile diodi iitwayo kwa jina la Mjerumani Walter Schottky, yenye wepesi mkubwa wa kugeuka. Mwaka 1969 alihamia Fairchild kwa muda mfupi. Kisha, akikaribia miaka hamsini, umri ambao wengi huanza kuhesabu pensheni, aliacha silikoni kabisa, akaanzisha kampuni yake mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1970, na akajitia katika jambo lisilo na uhusiano na matanuri, nalo ni usalama wa fedha. Mabenki yalikuwa yakianza kuweka mashine za kutolea pesa, na swali lilikuwa namna ya kuhakikisha kwamba namba ya siri ya mteja haisomwi na yeyote njiani, hata na mtumishi wa benki mwenyewe. Kampuni ya Atalla ilitengeneza kisanduku kilichofanya kazi hiyo kwa kuficha namba ndani ya hesabu, na kisanduku hicho kikapokewa na mabenki mengi hata kikawa kinajulikana kwa jina lake. Mwaka 1987 kampuni yake iliunganishwa na Tandem Computers. Mtu anayesimama leo mbele ya mashine ya benki mjini Arusha au Kisumu, akaficha vidole vyake kwa mkono wa pili na kubonyeza namba nne, anafuata desturi ambayo Atalla alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Na mashine anayoibonyeza imejaa transista za aina aliyoiasisi pia. Ni nadra mtu mmoja kuacha alama mbili katika tendo moja dogo la namna hiyo.

Heshima zilimfikia polepole. Mwaka 1975 Taasisi ya Franklin ya Philadelphia iliwapa yeye na Kahng Nishani ya Stuart Ballantine. Tuzo ya Nobel haikuwahi kutolewa kwa transista yao. Kahng, ambaye mwaka 1967, pamoja na Simon Sze, alivumbua lango linaloelea ambalo ndilo asili ya kumbukumbu zisizopotea umeme ukikatika za simu na kadi zetu, alifariki mwaka 1992. Mwaka 2009 Marekani iliwaingiza wote wawili katika Jumba la Wavumbuzi, Kahng akiwa marehemu na Atalla akiwa mzee wa miaka themanini na kitu. Na tarehe 30 Desemba mwaka huohuo Atalla naye akafariki huko Atherton, California. Kama heshima ingalichelewa mwaka mmoja tu, isingalimkuta. Naandika haya nikiwa na huzuni, kwa kuwa katika shule zetu mtoto hufundishwa majina ya Edison na Marconi kabla hajapata kuujua ulimwengu wake, na hakuna amwambiaye kwamba swichi zilizomo katika simu ya mama yake zina asili yake, kwa upande mmoja, katika akili ya mtu wa Port Said.

Utando wenyewe uliendelea na safari. Kadiri transista zilivyopunguzwa ukubwa ili ziingie nyingi zaidi, ndivyo oksidi ilivyolazimika kukonda, kutoka zile nanomita 100 za mwanzo hadi kumi, hadi tano, na mwanzoni mwa karne hii ikafika nanomita 1.2, unene wa safu tano hivi za atomi. Hapo elektroni zikaanza kuvuka, si kwa sababu utando ulikuwa na tundu, bali kwa kuwa katika wembamba huo maumbile yenyewe huziruhusu kupenya, na lango lisilokula umeme likaanza kuula. Mwaka 2007 kampuni ya Intel ilitangaza kwamba katika chipu zake mpya oksidi ya silikoni inaondoka katika lango, na mahali pake inakuja oksidi ya hafini, inayoweza kuwa nene zaidi na bado kuzipitisha nguvu za lango sawasawa. Magazeti ya fani yaliandika kwamba zama za utando wa Atalla zimekwisha. Lakini hafini ikikaa juu ya silikoni moja kwa moja, ile mikono iliyokosa wa kuishika hurudi na uso huharibika. Kwa hiyo mafundi kwanza huotesha juu ya silikoni safu ya oksidi yake yenyewe, isiyofika nanomita moja, ndipo wanapoweka hafini juu yake.